Konzi ya Vilua

Mishi binti Awadh ameishi Kisauni tangu kuzaliwa, na kazi yake ni kufunga vikuba. Asiyejua kikuba atakijua kwa harufu kabla ya kukiona. Ni kishada kidogo cha asumini, rehani na kipande cha mkadi, vilivyofungwa pamoja kwa uzi, mwanamke akakichomeka kifuani au nyweleni siku ya shughuli. Kwa mgeni mwalikwa kikuba ni pambo tu. Kwa bibi harusi ni zaidi ya hapo, maana nyumbani kwa akina Mishi kikuba cha bibi harusi hufungwa na shangazi yake, naye hukifunga kwa nia njema na mdomo mtulivu, bila kumteta mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mamake, na hivyo ndivyo afanyavyo hadi leo, barazani kwake, ungo mapajani, ingawa macho sasa yanahitaji miwani ili uzi uingie kwenye sindano.

Katika vikuba vyote vya mamake kulikuwa na kilua. Kilua si ua la kutazamwa. Ni dogo, la manjano iliyofifia, na huning'inia chini ya majani kama lenye haya. Lakini harufu yake haina mfano, na hata likikauka huendelea kunukia ndani ya sanduku la nguo mwezi hadi mwezi. Mkilua wa nyumbani kwao ulikuwa uani kwa marehemu baba yao. Ulikatwa juzijuzi tu, nduguye Mishi, Taha, alipojenga ghorofa ya kupangisha. Fundi alisema shimo la choo halina pengine pa kukaa. Salme, mke wa Taha, alisema mti ni mti, utapandwa mwingine. Haukupandwa. Mishi hakusema neno, kwa kuwa kiwanja ni cha nduguye, lakini alivianika vilua vya mwisho, akavitumia kwa uchache katika vikuba vya watu mpaka vikaisha.

Kisha ikaja harusi ya Raihana, binti wa Taha na Salme. Raihana hakumwomba shangazi yake dhahabu wala nguo.

"Shangazi, nataka kikuba kama cha nyanya kwenye ile picha yake ya harusi. Chenye kilua."

"Inshallah mwanangu, utakipata," Mishi akajibu, kwa kuwa wakati ule aliamini Mombasa nzima haiwezi kukosa mkilua mmoja.

Iliweza. Aliuliza Mji wa Kale, akauliza Majengo, akavuka feri hadi Likoni kwa mzee aliyesifika kwa bustani yake, akakuta bustani imekuwa maegesho ya magari. Vitalu vya miche vya kando ya barabara ya Bamburi vilikuwa na kila kitu ambacho hakinukii. Ilipobaki wiki moja kabla ya harusi, Mishi alikuwa na uzi, asumini na ahadi, na hakuwa na kilua.

Wanawake wa mtaa wao wana desturi ya kukodi gari mara moja kwa mwaka wakatembee. Safari hii mpango ulishikwa na Philister, jirani aliyehamia kutoka Kiembeni, mzaliwa wa Homa Bay aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Philister alikuwa amechoshwa na fuo.

"Kila mwaka ufuo, kila mwaka mchanga," alisema. "Bahari tunaiona bure kila siku. Mwaka huu twende juu. Bustani ya Mazeras, Rabai, tuingie msitu wa kaya mmoja ulio mbele ya Ribe, halafu tutokee Kilifi tukalie samaki pale Mnarani. Dada Mishi, pengine huo mti wako uko huko."

Kwa sababu hiyo tu Mishi alikwenda. Salme naye alikwenda, kwa kuwa alisema maandalizi ya harusi yamemkaba koo na anataka siku moja asiulizwe habari ya pilau. Wote walikuwa wamenunua leso za aina moja, za rangi ya chungwa, ili wapigwe picha nazo Kilifi, juu ya lile genge linalotazama hori na daraja.

Dereva wao, Bramwel, kijana wa Changamwe mwenye asili ya Kakamega, aliwachukua mapema. Toka Makupa hadi Miritini walikwenda nyuma ya malori ya makontena kwa mwendo wa maiti.

"Hii ndiyo jam yetu, wamama," Bramwel alisema. "Mkitaka kupiga picha, pigeni. Hii ni attraction ya Changamwe."

"Wewe tazama mbele, mwanangu," Salme akamjibu. "Picha yetu usiifanye ya matanga."

Bustani ya Mazeras iliwapendeza. Palikuwa na kivuli, mianzi na maua ya kila rangi, na wanawake walikaa kwenye nyasi wakala mikate ya kumimina waliyobeba. Mishi hakukaa. Alizunguka njia zote, akamuuliza mtunza bustani kuhusu mkilua, naye akamwambia kwa upole kwamba hapo haupo. Rabai walilitazama kanisa la kale, na Philister akapiga magoti humo kwa muda mrefu hata Afrah, mdogo wao kwa umri, akamnong'oneza Salme kwamba huenda amelala. Kutoka mgongo wa milima ile waliona nchi yote ikiteremka hadi bandarini, na kreni zimesimama mbali kwenye ukungu wa joto. Ilikuwa imepita adhuhuri walipofika kwenye msitu wa kaya.

Kaya ni mahali walipoishi wazee wa Mijikenda zamani, na makaburi yao yamo humo. Si bustani, ingawa leo watu hutembezwa. Kikundi cha wenyeji kimetengeneza njia moja ya miguu, na aliyewapokea aliitwa Kadenge, mtu mfupi wa makamo asiyecheka ovyo. Aliwataka wavue viatu, kisha akamgawia kila mmoja kaniki ajifunge kiunoni.

Salme alijitazama. "Buibui nyeusi, na juu yake kaniki nyeusi. Sasa nani atajua kama nimeivaa?"

"Wewe utajua, mama," Kadenge alisema.

Aliwaeleza masharti: hapigi mtu kelele, haegemei mtu mti, havunji, hachumi, haokoti, hatoki na kitu hata jani. Halafu akauliza ni nani anayesema kwa niaba yao. Hiyo ndiyo kawaida ya pale. Hawaweki daftari wala hawapekui mikoba, bali humtaka mtu mmoja awajibike kwa wenzake. Wote walimwonyesha Mishi.

"Mtatoka kama mlivyoingia?" Kadenge alimuuliza.

"Tutatoka kama tulivyoingia."

Basi wakaingia. Ndani palikuwa na ubaridi na giza la kijani. Hawakuwa wamekwenda mbali Mishi aliposimama. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amenusa. Alipoinua uso aliuona mkilua kando ya njia, mkubwa kuliko ule wa baba yake, umesheheni maua upande wa chini wa kila tawi. Alikunja mikono yake nyuma ya mgongo, kama afanyavyo mtoto aliyekatazwa kugusa sahani za wageni.

"Huu kwenu waitwaje?" alimuuliza Kadenge, ingawa alijua. Alitaka tu kusimama pale kidogo.

Kadenge alimtajia kwa Kirihe, lugha ya wenyeji wa pale, akasema hauchumwi.

"Na kuomba je? Mbegu, au konzi ya maua?"

"Wa kuombwa ni wazee, mimi sina ruhusa. Na anayetaka huja mwenyewe, akasema kwa mdomo wake. Si kwa simu. Wao hukaa, wakaamua."

"Watakaa lini?" Salme akadakia.

"Mwezi ukiandama."

"Harusi ni Ijumaa hii!"

Kadenge aliinua mkono kuwaonyesha njia iendeleako. Mishi alimshukuru, akatazama mti mara moja tena, akaendelea kutembea. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba atamwambia Raihana ukweli, kisha baada ya harusi atarudi kuomba mbegu. Lilimuuma, lakini lilikuwa jambo lenye njia.

Walitoka, wakarudisha kaniki, wakaagana. Bramwel alishika njia ya Kaloleni. Barabara ile ya murami ilikuwa na vumbi jingi, kwa hiyo akafunga vioo vyote na kuwasha hewa baridi. Hawakuwa wamefika mbali wakati Mishi alipoinua pua. Kwanza alidhani harufu imemganda kwenye nguo zake. Akanusa mtandio wake: sabuni na jasho. Harufu iliongezeka. Ilitoka kiti cha mbele yake, alipokaa Salme, na mkoba uliokuwa mapajani mwa Salme ulikuwa umefunikwa kwa leso mpya ya chungwa.

"Wifi," Mishi alisema polepole, "hebu fungua mkoba."

"Una nini wewe? Mkoba wangu una biskuti na panadoli."

"Fungua."

Salme aliufungua mkoba kwa hasira, akatoa kitambaa, akakitupa mapajani mwa Mishi. Kitambaa kilikuwa na konzi nzima ya vilua, na harufu ikajaa gari hata Bramwel akageuka nyuma.

"Nimeokota," Salme alisema. "Sikuchuma. Vilikuwa chini, vitakanyagwa tu."

"Aliyetuingiza alisema hata kuokota hakuna. Na hivi hukuokota." Mishi alikiinua kimoja kwenye mwanga. Kilua kilichoanguka chenyewe huwa kimelegea na kingo zake zimegeuka kahawia. Hivi vilikuwa vigumu, vibichi, kila kimoja na kikonyo chake kilichokatwa kwa ukucha.

"Haya, nilichuma!" Salme akapandisha sauti. "Nilichuma kwa ajili ya nani? Ni mtoto wa nduguyo! Wewe ndiye uliyemwahidi, si mimi. Nimekuokoa na aibu, na badala ya kunishukuru waniumbua mbele ya watu."

Haingekuwa kweli kusema Mishi hakushawishika. Alikuwa na vilua mkononi. Vilikuwa vile vile alivyovitafuta kuanzia Majengo hadi Likoni. Angevianika kwenye ungo leo, na Ijumaa Raihana angevaa kikuba cha nyanya yake. Kadenge hahesabu maua. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa wanawake hawa, na nusu yao walikuwa tayari wanamwona Salme amefanya la maana.

Kuna watu wanaoheshimu kufuli tu. Mahali pasipo kufuli huona pasipo mwenyewe, na mlinzi asiyepekua mikoba humwona mjinga. Watu hao si wezi kwa majina yao, ni mama wa watu na baba wa watu, wanasali na kufunga. Salme alikuwa hivyo. Alichuma kwa mapenzi, na mapenzi yakamfanya asione kwamba neno alilolivunja halikuwa lake. Lilikuwa la Mishi.

"Bramwel," Mishi alisema, "geuza gari."

"Mathe! Tushakaribia Kaloleni. Tukirudi saa hii, Kilifi tutafika na giza. Hiyo samaki sahauni."

Hapo ndipo makelele yalipoanza.

"Kilifi je?" Afrah alilia kutoka nyuma. "Mimi leso yangu nimeivaa kwa ajili ya Kilifi!"

"Dada Mishi," Philister alisema, "mimi nina njaa, nakwambia kweli. Mpigie huyo mwanamume simu, umwombe radhi. Maua yakishachumwa yamechumwa. Utayashonea mtini?"

"Siwezi kuyashona."

"Basi yatasaidia nini?"

"Hayatasaidia kitu. Mimi nilisimama mbele yake nikamwambia tutatoka kama tulivyoingia. Hatukutoka hivyo. Nataka ajue kwangu mimi, nikiwa nimesimama pale pale."

Philister alimtazama, akashusha pumzi, akafungua mfuko akachukua kipande cha mwisho cha mkate wa kumimina. "Geuza, Bramwel," alisema akitafuna. "Huyu sikuanza kumjua leo. Hata ukimpeleka Kilifi atakaa kwenye gari na uso huo, na samaki haitashuka."

Bramwel aligeuza. Salme aligeukia kioo.

Kadenge alikuwa akikunja kaniki alipoliona gari limerudi. Mishi alishuka peke yake, akaacha mlango wazi nyuma yake. Alivua viatu bila kuambiwa, akamkabidhi kitambaa kikiwa wazi.

"Vimetoka nasi," alisema.

Kadenge alivitazama. "Nani alichuma?"

"Uliyemuuliza hapa ni mimi, na aliyejibu ni mimi."

Kadenge hakumsifu. Alimpa kaniki, wakaenda pamoja hadi kwenye mti, na Kadenge akavimwaga vilua kwenye shina.

"Vitaoza," Mishi alisema. Hakuweza kujizuia.

"Vitaoza hapa," Kadenge alisema.

Walipokuwa wakirudi alimweleza kwamba hana budi kuwaarifu wazee. Wageni wa kabla yao walikuwa wamekwishatoka na mizizi na maganda ya miti, na wazee wengine wanataka njia ile ifungwe kabisa.

"Waambie," Mishi alisema.

"Na lile la mbegu, mama, njoo uombe kama nilivyokwambia. Lakini sikuahidi kitu. Kabla ya leo ningesema watakupa. Sasa sijui."

"Nimesikia."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Walipofika mgongo wa Rabai, Bramwel alisimamisha gari kando bila kuombwa. "Shukeni basi mpige hiyo picha ya leso. Kilifi hakuna, lakini kreni ziko."

"Kreni!" Philister alisema. "Nilizitazama miaka yangu yote ya kazi, leo nazivalia leso mpya!" Lakini alishuka, na wengine wakashuka wakicheka. Salme alibaki ndani. Katika picha ile, ambayo Afrah ameibandika ukutani kwake, leso za chungwa ni pungufu moja.

Kesho yake Mishi alikwenda kwa Raihana asubuhi. Alimwambia kwamba kilua hakikupatikana na kwamba yeye alikosea kumwahidi kitu asichokuwa nacho. Hakusema zaidi. Raihana alilia kidogo, kama msichana yeyote, kisha akamwambia amfungie kwa asumini nyingi. Salme alikuwa jikoni na alisikia yote. Siku zile zote za harusi aliongea na wifi yake kwa mambo ya lazima tu: sinia liko wapi, nani anachukua wageni wa Lamu.

Ijumaa, bibi harusi alipotolewa, shangazi zake bwana harusi walimwinamia kumnusa, kama ilivyo ada ya wanawake wa kwetu.

"Rehani nzuri," mmoja alisema. "Lakini mbona hakina kilua? Kwenu si ndio mlikuwa na sifa ya vilua?"

"Hakina," Mishi alijibu.

"Ala! Mombasa nzima?"

Mishi alifungua mdomo, lakini Salme, aliyekuwa amesimama nyuma na chetezo cha udi, alimtangulia. "Mkilua wetu niliukatisha mimi, nijengewe shimo la choo," alisema kwa sauti kavu. "Kama mwataka kulaumu, mimi hapa." Wale wanawake walidhani ni mzaha, wakacheka. Mishi hakucheka, wala Salme.

Mwezi ulipoandama, Mishi aliamka alfajiri, akavaa, akatia kwenye kikapu tende na paketi ya kahawa za kuwapelekea wazee, akatoka kwenda kituoni. Alimkuta Salme amesimama hapo tayari, buibui imepigwa pasi.

"Sabalkheri, wifi. Waenda wapi?"

"Uendako."

"Mimi nakwenda kuomba mbegu. Na huenda wakaninyima."

"Wewe nenda kaombe," Salme alisema, akakipokea kikapu mkononi mwake. "Mimi nakwenda kwa Kadenge. Aliuliza nani alichuma, na hajajibiwa."

Gari la Mazeras likaja, wakapanda.